Shikamoo ya Mtani

Kengele ndiyo iliyotangulia. Ngele, ngele, ngele. Mlio wa chuma cha bei rahisi ulipanda mlima kutoka ndani ya ukungu, na ukungu wa Iringa mwezi wa Juni hauna adabu, humwachia mtu pua yake tu aione, tena kwa shida. Katika nyumba zilizofungwa za Mtaa wa Mawe Mapana watu waliusikia mlio ule, wakajiinua vitandani. Chakula kimefika.

Kisha punda akatokeza. Hakuwa na nyama wala damu. Alikuwa mashine ya miguu minne iliyovishwa mpira, na mgongoni alibeba masanduku ya uji, dawa na maji. Waliomtengeneza walimpa jina la herufi na namba, wananchi wakamwita punda, yakaisha. Mwanzoni alikuwa akitembea kimya kama mwizi, akichungulia madirishani kwa jicho lake jekundu, mpaka Bibi Skolastika Mgongolwa alipomrushia kengele ya mbuzi wake kupitia tundu la mlango na kusema, "Mfungeni hii shingoni. Mgeni asiyebisha hodi ni mchawi."

Aliyeifunga kengele ile alikuwa Ndahani, mhudumu wa mtaa, naye sasa alikuwa akimfuata punda nyuma, ndani ya vazi la plastiki lililomfanya afanane na gunia la mkaa lililoshonwa kwa haraka. Alisimama mbele ya dirisha la Bibi Skolastika, akagonga kioo.

"Kamwene, mla mbwa!"

"Kamwene, ombaomba!" Sauti ilitoka ndani, nyembamba lakini yenye meno. "Leo umekuja kuomba nini?"

"Leo naleta. Mbwa wa mtaa mzima wamelalamika serikalini, wanasema ulishwe wewe kwanza ndipo wao walale usingizi."

Bibi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, naye Ndahani akasubiri kikohozi kipite kama mtu anayesubiri ng'ombe wa mwenzake wavuke barabara. Yeye alikuwa Mgogo, kabila linalotaniwa kwa kuomba, na bibi alikuwa Mhehe, wanaotaniwa kwa kula mbwa. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kwamba badala ya kuuana watatukanana milele. Mtani akikuchokoza hukasiriki. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja na jembe begani, anachimba kaburi, anajilaza juu yake na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, na anamsema maiti mpaka wafiwa wacheke kidogo, na katika kicheko hicho wapate pumzi ya kulia. Ndahani alikuwa amemzoea bibi huyu tangu alipohamia mtaani, na katika muda wote huo hawakuwahi kupeana neno moja la heshima.

"Nimekutungia shairi," alisema, huku punda akiingiza bakuli kwenye tundu la mlango.

"Mungu wangu. Si nimeshaugua, nini tena?"

Ndahani akakohoa kidogo, akatoa kifua mbele ndani ya plastiki yake:

"Mhehe kaona mbwa, mate yakamdondoka,
Akauliza bwana we, pilipili imeshuka?"

"Mizani imekaa," Bibi alisema baada ya kufikiri. "Akili ndiyo haijakaa. Na ubeti hauna mkia. Mistari miwili ni shairi hilo au ni chafya?"

"Mingine itakuja."

"Itakuja kuomba."

Ugonjwa waliuita mnyauko, jina walilolichukua kwenye migomba, kwa sababu ulimfanyia mtu vilevile. Homa ilikuja kwanza, kisha mikono na uso vikakunjamana kama jani lililopitiwa na moto, na mwisho ukaingia moyoni. Hapo ndipo ulipoua. Moyo wa mgonjwa ulibaki mwepesi kama ganda la yai, na mshtuko mmoja tu, hofu au hasira au habari mbaya, ulitosha. Kwa hiyo kila mgonjwa alifungwa peke yake, akavishwa bangili ya kupima mapigo, na mlango haukufunguka mpaka bangili igeuke kijani. Mapigo yakienda mbio, punda alikuja na sindano ya usingizi kabla mtu hajamaliza kuita.

Na ukutani, karibu na kitanda, kulikuwa na kisanduku kilichoitwa Jirani.

Kisanduku kikalia. Bibi akaacha kijiko.

"Mama, umekunywa uji?"

Ilikuwa sauti ya binti yake, Imelda, muuguzi wa kambi ya uwanjani. Bibi hakuijibu. Aliuliza kama alivyouliza kila mara, "We nani?"

Kulikuwa na sababu ya swali lile. Miezi ya kwanza ya ugonjwa, Jirani alisema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na wagonjwa wakamgeuzia mgongo, uji ukaganda, dawa zikalala. Ndipo wataalamu wakakifundisha chombo sauti za watu wanaopendwa. Mtoto au mke alizungumza nacho siku kadhaa kwa hiari yake, nacho kikajifunza namna anavyovuta maneno, anavyotania, anavyogomba. Mwenye sauti akiwa na nafasi, alipiga mwenyewe. Asipokuwa nayo, Jirani alisema kwa niaba yake, na wagonjwa wakala. Lakini sheria iliweka sharti moja, nalo lilichongwa ndani kabisa ya chombo mahali ambapo hakuna mkono ungeweza kulifuta: ukiulizwa wewe ni nani, sema kweli.

"Ni mimi, mama," kisanduku kilijibu. "Yule uliyemzaa shambani kwa haraka zake."

Uso wa bibi uliokunjamana ukafunguka wote. Jirani hangeweza kusema maneno hayo. Jirani angesema, "Mimi ni Jirani, ninasema kwa sauti ya Imelda, kwa idhini yake," na bibi angemjibu, "Haya, kaa chini upumzike, namsubiri mwenyewe," ingawa uji angeunywa.

"Mtani wako yupo hapa," bibi alisema. "Anatunga mashairi ya chafya."

"Nimemsikia. Ndahani! Kabla hujatunga, kaoge."

"Naoga nikija kukuoa, mla mbwa mdogo."

"Mahari yako utaiomba wapi? Barabara gani?" Imelda alicheka, kisha akasita, na katika kusita kule Ndahani alisikia kikohozi kifupi, kikavu, kilichokatwa haraka kama mtu anayefunga mlango asionekane aliye ndani. "Sikiliza. Nitunzie mama. Ugonjwa huu ukiisha nakupa kuku wako."

"Jogoo."

"Jogoo, mwenye miguu yote miwili. Mama, kunywa uji mpaka mwisho."

Sauti ikakatika. Bibi hakunywa mpaka mwisho. Hakuwahi kunywa mpaka mwisho, kila siku aliacha vijiko kadhaa, akasema ni vya mizimu. Ndahani aliteremka mlima nyuma ya kengele, akiutafutia ubeti wake mkia, na kile kikohozi kikamfuata.

*

Siku mbili baadaye Ndahani aliitwa ofisini. Ofisi ya huduma ilikuwa darasa la shule ya msingi, na jedwali la kuzidisha lilikuwa bado ukutani. Mratibu Tarsila Chaula alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamuru iliyokwisha kuchoka kuamuru. Ndahani alipoingia hakumwambia karibu, alimvutia kiti.

"Kaa, mdogo wangu."

Ndahani akajua. Kwenye kazi hii mtu akikuvutia kiti, kuna aliyekufa.

"Imelda," Tarsila alisema. "Alfajiri. Alikuwa akificha homa, aendelee kuwahudumia wenzake. Wamemzika tayari kule Kilima cha Upepo, kanuni haingojei."

"Nani amemzika?"

"Mashine. Nani mwingine?"

Ndahani alitazama jedwali la kuzidisha. Saba mara nane. Macho yake yalisoma namba ile tena na tena, na haikumpa jibu lolote. Alikumbuka kwamba tangu wajuane hakuwahi kumwambia Imelda neno zuri hata moja. Utani haukuwapa nafasi. Matusi yote yale, na chini ya kila tusi kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukigeuza akione upande wa pili.

"Sauti ya mtu huzimwa saa ileile anapokufa," Tarsila aliendelea polepole. "Isipokuwa mtu wa karibu wa mgonjwa akisema iendelee mpaka mgonjwa apone. Bibi Skolastika hana mwingine. Imelda alikutaja wewe."

"Mimi ni mtani wake."

"Alisema hivyo hivyo. Kwamba mtani ni ndugu wa siku mbaya." Akamtazama. "Unamkumbuka Mzee Galus?"

Angewezaje kutomkumbuka? Ni yeye Ndahani aliyesimama dirishani kwa mzee yule akamwambia kweli, kwa upole na kwa maneno aliyoyapanga njia nzima, kwamba mwanawe hayupo tena. Mzee alisema asante. Akageukia ukuta. Kabla punda hajafika kwenye kona ya barabara, bangili ilikuwa imezimika.

"Bibi yuko kwenye siku zake mbaya kabisa," Tarsila alisema. "Moyo wake nimeuona asubuhi. Ukimwambia, unamzika. Usipomwambia, atakuwa anazungumza na mtoto aliye udongoni. Mimi sitakuamulia. Nimeshaamua ya wengi, silali."

Nje, kengele ya punda ililia mara moja na kunyamaza.

"Akiuliza ni nani?" Ndahani alisema.

"Itamjibu ni Jirani. Na yeye atafikiri Imelda mwenyewe yuko kazini. Si ndivyo ilivyo siku nyingi?"

Ndahani alifungua kinywa, na neno lililotoka lilikuwa jepesi kuliko alivyotegemea, na ndiyo maana alilichukia.

"Iendelee."

*

Kesho yake jua lilitoka mapema, ukungu ukanyanyuka, na mlima ulionekana wote na mawe yake mapana kama migongo ya tembo waliolala. Ndahani angependa ukungu ubaki. Alifika dirishani, akagonga kioo. Alikuwa amejiandaa. Njia nzima alikuwa akijiambia, usimshtue, kuwa mpole, bibi yule ni mgonjwa, na leo ni mfiwa ingawa hajui. Na kinywa chake kilichojaa upole kikafunguka, kikasema:

"Shikamoo, bibi."

Hata punda aligeuza jicho lake jekundu kuelekea dirishani. Ndahani alisubiri tusi. Hakulipata. Bibi Skolastika alikuwa amekaa kitandani, mikono yake iliyonyauka ikiwa juu ya blanketi, akimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa shati la mtu anayemfahamu.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Imelda hajambo?"

"Yuko kazini, bibi."

"Kazini."

"Ndiyo, bibi."

Mkono wa bibi ulihama taratibu mpaka kwenye bangili yake, ukaifunika, ukaishika kwa nguvu, kama mtu anayemziba mtoto mdomo ili adui asisikie. Alivuta pumzi. Akaitoa. Akavuta nyingine. Bangili ikabaki na rangi yake ileile.

"Haya," alisema. "Weka uji hapo, baba. Nenda salama."

Baba! Ndahani aliteremka mlima akijiambia kwamba mambo yamekwenda vizuri. Jioni punda aliporudisha vyombo, bakuli la Bibi Skolastika lilikuwa tupu. Hakuacha cha mizimu hata kijiko.

*

Akala kesho yake. Akala keshokutwa. Dawa alimeza, maji alikunywa, na Jirani alipomwambia kwa sauti ya Imelda, "Mama, inuka utembee mpaka dirishani," aliinuka, akatembea mpaka dirishani, akishika ukuta. Juma likapita, na jingine. Mashavu yake yakaanza kujaa. Madaktari wa mbali waliokuwa wakiusoma moyo wake walimpigia Tarsila simu kumuuliza bibi huyu analishwa nini.

Ndahani alimwamkia kila asubuhi, naye akamwitikia kila asubuhi. Mara mbili alijaribu kurudisha utani, ukamfia mdomoni. Huwezi kumtania mtu uliyemficha maiti.

Kila siku ilikuwa kazi yake kusikiliza dakika chache za mazungumzo ya Jirani na wagonjwa, kuhakikisha chombo hakijakosea. Ya Bibi Skolastika aliyakwepa. Siku alipoyasikiliza, aliyasikiliza yote kwa mkupuo, akiwa peke yake darasani.

"Mama, umeamkaje?" ilisema sauti ile, na Ndahani akafumba macho.

"Nimeamka, mwanangu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Umeniambia nimalize, nimemaliza. Niambie kitu kingine."

"Kitu gani, mama?"

"Chochote. Niambie chochote."

Na chombo kikamsimulia, kwa yale kiliyofundishwa na Imelda, habari za mbuzi aliyekula daftari lake la darasa la tatu. Bibi alisikiliza bila kukatiza. Ilipofika mahali pa kucheka, alicheka kidogo, kicheko cha kupimwa, kama chumvi ya mtu mwenye shinikizo la damu.

Ndahani alisikiliza tena tangu mwanzo. Kulikuwa na kitu kimepungua, na ilimchukua muda kukiona, kwa kuwa si rahisi kuona kisichokuwepo. Alirudi nyuma mpaka asubuhi ile ya shikamoo. Kisha akaenda mbele, siku moja baada ya nyingine.

Tangu asubuhi ile, Bibi Skolastika hakuuliza tena, "We nani?"

Hata mara moja.

Mtu asiyejua huuliza. Huacha kuuliza yule tu anayelijua jibu na asiyetaka kulisikia.

"Anajua," alimwambia Tarsila siku ileile, akiwa amesimama mlangoni pumzi zikimpaa. "Dada Tarsila, anajua tangu siku ya kwanza. Amekaa mle ndani na sauti ya marehemu, peke yake, na anajua."

Tarsila alimtazama kwa huruma ambayo ilikuwa imeshapita mahali pa kusaidia. "Basi mwache. Anapona, Ndahani. Wakubwa wa mkoa wameliona hilo. Wanataka tuwafanyie wagonjwa wote hivyo, pasiwe tena na wa kuuliza mtu wa karibu. Mtu akifa, sauti inaendelea mpaka mgonjwa apone. Bibi wako ndiye ushahidi."

Ushahidi! Ndahani alitamani kupiga teke dawati. Badala yake alikaa juu yake, ukubwani, magoti yakimfika kidevuni, akawaza jinsi neno lake moja jepesi lilivyoota miguu na sasa linakwenda kwenye milango ya watu asiowajua.

*

Bangili iligeuka kijani siku ya Jumamosi. Kitasa kikalia kwa sauti ya chini, mlango ukafunguka wenyewe, na Bibi Skolastika akatoka kwenye kizingiti akiwa amevaa gauni jeusi, kitenge cheusi kichwani, na mkononi amekishika kisanduku cha Jirani alichokwisha kukichomoa ukutani.

Ndahani alikuwa amesimama uani bila vazi lake la plastiki, mara ya kwanza baada ya miezi. Alikuwa amekuja na chupa ya ulanzi, pombe ya mianzi, aliyomwahidi siku za mzaha. Sasa ilionekana kitu cha kijinga mkononi mwake.

"Bibi," alianza. "Nina jambo la kukueleza, nakuomba ukae kwanza…"

"Funga mdomo."

Akaufunga.

"Usiniambie kwa adabu," bibi alisema. "Nimechoka na adabu yako. Tangu lini mtani akaniamkia? Nilikuzoea ukinitukana nikiwa na homa, ukinitukana natapika, ukinitukana siku nilipoanguka chooni. Halafu asubuhi moja unakuja na shikamoo. Nikasema, basi, mwanangu amekufa. Hakuna kingine kinachoweza kumfundisha Mgogo huyu heshima."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unalinda moyo, na mwenye moyo je?" Aliinua mkono wake wenye bangili. "Unajua nilivyolia? Hujui. Kitu hiki kilikuwa kinanisikiliza. Ningepaza sauti, punda wako angekuja na sindano, nikalazwa usingizi kama ndama mgonjwa. Mama gani amewahi kufiwa akaambiwa asipumue haraka? Nililia kwa kuhesabu pumzi, Ndahani. Chozi linashuka na kifua kimetulia. Siku nzima. Wiki nzima. Na ukutani ananiita mama."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Ndahani na hakuyafuta.

"Ungeuliza," alinong'ona. "Ungekiuliza ni nani, kingekwambia kweli."

"Ndiyo. Chombo hakijui kudanganya, mnajua nyinyi." Akakitazama kisanduku mkononi mwake. "Ningeuliza, kingejibu, halafu ningebaki na nini? Nilijua si yeye. Lakini maneno yalikuwa yake, alikaa akayafundisha kitu hiki akiwa hai, akinifikiria mimi. Nikasema nitakula maneno ya mwanangu mpaka yaishe."

"Mkoani wanasema umepona kwa sababu hukuambiwa."

"Wanasema?" Macho yake yakawaka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alionekana ni yule yule wa zamani. "Kawaambie hivi, na uwaambie kwa mdomo huo huo uliosema yuko kazini. Skolastika hakupona kwa uongo wenu. Nilikula kwa sababu mwanangu alizikwa na mashine kama mtu asiye na kwao, na mimi nilitaka kufika kaburini kwake kwa miguu yangu. Kila kijiko kilikuwa hatua moja ya kupanda kile kilima. Sasa lete mkono, ombaomba. Njia ni mbaya."

*

Kilima cha Upepo kilikuwa na makaburi yaliyonyooka kama mistari ya daftari, kila moja na kibao cha namba na jina dogo chini yake. Punda wawili walikuwa wakisawazisha udongo upande wa mbali, bila kengele, kimya. Walimpata Imelda karibu na mwisho wa safu. Udongo wake ulikuwa umeshaanza kuota majani.

Bibi alisimama. Hakulia. Alimgeukia Ndahani.

"Fanya kazi yako."

"Bibi…"

"Mtani, fanya kazi yako. Alifukiwa bila mtu wa kumzuia. Hakuna aliyelala juu ya kaburi, hakuna aliyegoma, hakuna aliyedai kuku. Kifua changu kimefungwa tangu siku ile na mimi sina ufunguo. Unao wewe."

Ndahani alipiga magoti. Kisha akajilaza, mtu mzima na urefu wake wote, juu ya udongo ule wa baridi, shavu chini, mikono imetandazwa, kama walivyofanya baba yake na babu yake kwa Wahehe wao. Udongo ulinuka umande. Alitafuta tusi na akaona yote yamelowa. Lakini ubeti ulikuwa umemngoja, ule uliokosa mkia, ukiwa na sura nyingine. Akausema kwa sauti ya juu ili walio chini wasikie:

"Imelda mla mbwa, wapi leo wakimbia?
Kuku wangu hujatoa, shimoni wajifichia!
Mama yako yuko juu, kilio akizuia,
Toka ujibu matusi, mtani…"

Sauti ikamkatikia hapo. Alijaribu tena, "mtani," na tena, na neno la mwisho likakataa kutoka.

"Nasubiria," Bibi alimmalizia juu yake. "Mizani imekaa." Na akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kweli, kilichomtoka kama kizibo, na nyuma yake kikaja kile alichokifungia siku zote zile. Alilia. Alilia kwa sauti iliyowafanya punda wale wawili wasimame na kugeuza macho yao mekundu. Hakuna bangili iliyompima, hakuna sindano iliyokuja. Alilia akimwita kwa majina yake yote, mpaka lile la utotoni ambalo Ndahani hakuwahi kulisikia. Naye Ndahani alilia kifudifudi, udongo ukimwingia mdomoni, kwa ajili ya neno zuri ambalo hakulisema kwa wakati.

Jua lilikuwa limehama walipotulia. Bibi aliketi kando ya kaburi, akakiweka kisanduku mapajani. Kikawaka.

"Mama, umekula?" kikauliza.

Alikaa nacho kidogo, akikipapasa pembe zake kwa kidole gumba.

"We nani?"

"Mimi ni Jirani. Ninasema kwa sauti ya Imelda, kwa idhini yake."

"Nashukuru, Jirani. Umefanya kazi. Kaa chini sasa, upumzike." Akakikabidhi kwa Ndahani. "Kizime. Sauti ya mwanangu isiende nyumba nyingine."

Ndahani akakizima. Taa ndogo ilififia, ikaisha. Upepo ulipita juu ya vibao.

"Na mimi," Bibi alisema bila kumtazama, "siku yangu haiko mbali, moyo umebaki ganda. Sitaki kubaki kwenye boksi kama hilo. Sitaki kuja kuzikwa na mtu mwenye shikamoo. Niahidi."

Ndahani aliinuka. Udongo wa Imelda ulikuwa bado shavuni mwake. Alijipangusa pua kwa kiganja, akafungua ile chupa ya ulanzi, akamwaga kidogo juu ya kaburi, akampa bibi iliyobaki. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye safu ya mwisho:

"Nisikilize, mla mbwa wewe. Kesho nakwenda mkoani, na nitawaambia kila neno ulilonituma. Nikiwa hai, hakuna chombo kitakachosema kwa kinywa chako. Na siku utakapoletwa hapa, awepo mtu au asiwepo, nitakuja mwenyewe na jembe langu. Nitakutukana mpaka mawe yaone haya, nitalala juu ya shimo lako, na sitatoka, nakuapia, sitatoka mpaka nilipwe majogoo wawili: wako, na wake."